Valmis, loppu, ohi au kesken: uchague lipi unapotaka kusema "tayari" au "imekwisha" kwa Kifini

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi ya wengi. Kazi imekwisha, maziwa yamekwisha, chaji imekwisha, mvua imekwisha, kozi imekwisha, na mtu akibanwa kwenye kona mbaya husema "leo nimekwisha". Kifini kimeigawa kazi hiyo kwa maneno sita au saba, na ukiweka moja mahali pa jingine, Mfini anaelewa jambo ambalo hukulikusudia hata kidogo. Anaweza kudhani umeacha shule kumbe umehitimu, au kwamba kahawa hakuna kumbe ndiyo kwanza imechemka.

Upande wa pili mambo yamegeuka. Sisi tunatenganisha bila kufikiri kati ya kuwa tayari kuanza na kuwa umemaliza. Wao wameyaweka yote mawili ndani ya neno *valmis*. Mkiwa mlangoni na mabegi, *Oletko valmis?* ni "uko tayari?" Swali hilohilo, herufi kwa herufi, likitoka kwa msimamizi wa mtihani ni "umemaliza?" Hapo hakuna cha kuchagua, mazingira yanajibu yenyewe. Kwa hiyo anayetoka kwenye Kiswahili asipoteze muda mwingi kuhangaika na "tayari". Nguvu aziweke kwenye "kwisha".

Valmis dhidi ya loppu

Hii ndiyo jozi ya kwanza, na ndiyo inayoleta kizaazaa mapema zaidi. Watoto wa shule Ufini wanapewa chakula cha mchana bure tangu 1948, na chakula chenyewe huliwa mapema, shule nyingine kuanzia saa nne na nusu asubuhi. Sasa jifikirie uko jikoni mwa shule saa hiyo, foleni ya watoto imeshaanza, na mpishi mwenzako anapaza sauti kutoka upande wa kupakulia. Akisema *Perunat on valmiita*, viazi tayari, toa kwenye oveni upeleke. Akisema *Perunat on loppu*, viazi vimekwisha, sinia tupu, watoto wamesimama na sahani mikononi. Sentensi mbili zinafanana mwanzo, na mwisho wake unakupeleka pande mbili za jiko.

Tatizo la msemaji wa Kiswahili linaanzia hapa: aliyemaliza kumenya viazi anataka kusema "viazi nimemaliza". Akilini mwake kuna "mwisho", na kamusi inamwambia mwisho ni *loppu*. Akiropoka *perunat loppu*, kuna atakayekimbilia stoo.

Jiulize swali moja tu: kitu chenyewe bado kipo? Kama kipo na kimefikia umbo lake, ni *valmis*. Kama hakipo tena, kimetumika kikatoweka, ni *loppu*.

*Kahvi on valmista.* Kahawa tayari.
*Kahvi on loppu.* Kahawa imekwisha.
*Raportti on valmis.* Ripoti imekamilika.
*Paperi on loppu.* Karatasi zimekwisha (mashine ya kuchapa hii).
*Akku on loppu.* Chaji imekwisha.

Angalia pia tabia ya maneno yenyewe. *Loppu* halibadiliki: *maito on loppu*, *rahat ovat loppu*, moja au mengi ni lilelile. *Valmis* linafuata kile kinachosemwa: ripoti moja ni *valmis*, kitu kisichohesabika kama kahawa au uji ni *valmista*, watu wengi ni *valmiita* au *valmiit*. Chakula, *ruoka*, utakisikia kwa namna zote mbili, *ruoka on valmis* na *ruoka on valmista*, wala hakuna atakayekurekebisha. Kwa watu, *olemme valmiita* itakufikisha popote.

Kitenzi chake ni *loppua*: *maito loppui*, maziwa yaliisha. Kikiongezewa *kesken* unapata kitu kitamu: *bensa loppui kesken matkan*, petroli iliishia njiani.

Ukijisema mwenyewe, uwe mwangalifu zaidi. *Olen valmis* ni niko tayari, au nimemaliza. *Olen ihan loppu* ni nimechoka hoi, sina hata nguvu ya kuvua viatu. Ile "nimekwisha" yetu ya mtu aliyeona bosi anaingia wakati yeye yuko kwenye simu haimo kwenye *loppu*. Wao husema *olen mennyttä*, kama kusema nimeshakwenda na maji.

Na jikoni bado kuna neno la tatu ambalo kwetu ni rahisi kuliko kwa wageni wengine, kwa sababu tunalo: *kypsä*. Hilo ni "-iva". Kiazi kimeiva, kuku ameiva, embe limeiva, yote *kypsä*, na kinyume chake ni *raaka*, mbichi, sawasawa na kwetu. *Onko kana jo kypsää?* Kuku ameshaiva? Chakula kinaweza kuwa *kypsä* kabla hakijawa *valmis*, kwa mfano wali umeiva lakini mchuzi bado. Mtu akisema yeye mwenyewe ni *kypsä*, huenda anasifiwa kwa ukomavu, ila akisema *mä oon ihan kypsä tähän*, amechoshwa na jambo hilo, usimwongezee.

Valmis, valmiina, valmiiksi

Ukiliweka *valmis* kwenye miisho yake, tofauti inakuwa nyembamba, lakini inasikika.

*Valmis* peke yake inaeleza kwamba hali imefikiwa. Ukitaka kusema tayari kufanya jambo, kitenzi kinachofuata kinachukua -maan au -mään: *olen valmis lähtemään*, niko tayari kuondoka, *olen valmis auttamaan*, niko tayari kusaidia.

*Valmiina* ni kukaa tayari, kusubiri wakati. Mtaani Tanzania tungesema "mkao wa kula". *Ole valmiina kello kahdeksan*: saa mbili nikukute umeshavaa, umesimama mlangoni. *Pidä passi valmiina*: pasi iwe mkononi kabla hujafika dirishani. Gari la zimamoto liko *valmiina*. Kahawa iliyotengwa kwenye chupa ikikusubiri iko *valmiina*. Ukisema *olen valmis* mahali pa *olen valmiina*, hakuna madhara makubwa. Kinyume chake kina ukakasi: mwanafunzi aliyemaliza mtihani akisema *olen valmiina*, anasikika kama anasubiri uanze.

*Valmiiksi* ndiyo yenye sura mbili. Sura ya kwanza ni kumaliza kitu mpaka kikamilike: *tein työn valmiiksi*, nilifanya kazi nikaikamilisha. Sura ya pili ni kufanya mapema: *täytä lomake valmiiksi* kwenye barua ya ofisi mara nyingi maana yake ni njoo ukiwa umeshaijaza fomu. Kwenye rafu za duka utaona mboga *valmiiksi pilkottu*, zilizokwisha katwakatwa, na viazi *valmiiksi kuorittu*, vilivyokwisha menywa. Hapo "-kwisha" yetu inalingana nayo vizuri, ile inayokaa mbele ya kitenzi kingine.

Mara nyingi huhitaji neno lolote

Hapa ndipo Kifini kinapoachana na lugha nyingi alizozizoea mtu wa kwetu, na ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa mapema mno. Kumaliza au kutomaliza kunawekwa kwenye mwisho wa kile kinachotendwa. Kitenzi hakiguswi.

*Luin kirjaa.* Nilisoma kitabu, au nilikuwa nasoma, kiasi fulani.
*Luin kirjan.* Nilisoma kitabu nikakimaliza.
*Söin puuroa.* Nilikula uji.
*Söin puuron.* Nilikula uji wote, bakuli jeupe.
*Kirjoitin viestiä.* Nilikuwa naandika ujumbe.
*Kirjoitin viestin.* Niliuandika ujumbe, umekwisha.

Tofauti ya *kirjaa* na *kirjan* ni sauti moja mwishoni, na sikio la mgeni huikosa kirahisi kwa sababu Wafini wenyewe huila hiyo -n wanapoongea haraka. Lakini uzito wake ni mkubwa. Darasani umbo la kwanza utalisikia likiitwa *partitiivi*. Mwalimu atakupa orodha ndefu ya matumizi yake. Kwa mada yetu shika moja: kitu kikiwa kwenye partitiivi, tendo halijafika mwisho, au mwisho wake hauzungumzwi.

Kiswahili hakina kitu hiki. Kiambishi cha mtendwa hakisaidii, kwani "nimekisoma kitabu" inasema ni kitabu gani, haisemi kama ulifika ukurasa wa mwisho. Sisi tungeongeza "chote" au "nikakimaliza". Kwa hiyo kishawishi cha msemaji wa Kiswahili ni kutafuta kitenzi cha "maliza" kila mara na kukipachika. Kizuie. Mfini akiulizwa amefanya nini jana jioni anasema *tiskasin astiat ja luin kirjan*: aliosha vyombo vyote na kusoma kitabu mpaka mwisho. Hajatamka neno lolote la kumaliza.

Kuna faida nyingine imejificha hapo. Kifini hakina wakati ujao wa peke yake kama -ta- yetu. *Luen kirjaa* ni nasoma kitabu. *Luen kirjan*, kwa kitenzi kilekile cha wakati uliopo, hueleweka kama nitakisoma, maana kitu kitakachokamilika bado kiko mbele.

Shida inaingia kwenye kukanusha. Ukikanusha, mtendwa anarudi kwenye partitiivi kwa lazima: *en lukenut kirjaa*. Je, hukukigusa kabisa au hukukimaliza? Sentensi haisemi. Hapa sasa ndipo neno la ziada linapostahili mahali pake: *en lukenut kirjaa loppuun*, sikukisoma mpaka mwisho. Nafasi nyingine inayostahili neno la ziada ni pale unapotaka kusisitiza kwamba kazi ilikuwa imeachwa kati, ukairudia ukaimaliza.

Uchague *loppuun* au *valmiiksi*? Kwa kitu chenye njia ya kupitia, kuanzia mwanzo hadi mwisho, chukua *loppuun*: kusoma kitabu, kutazama filamu, kusikiliza mtu anayeongea. *Kuuntele loppuun!* Nisikilize mpaka nimalize. Kwa kitu kinachojengwa mpaka kupata umbo, chukua *valmiiksi*: soksi inayofumwa, insha, ripoti, banda la sauna. Chakula kilichoko sahanini kina njia yake: *söin lautasen tyhjäksi*, nilikula sahani ikabaki tupu. Sauna yenyewe, kwa kuwa nimeitaja, huwa *lämmin* zaidi ya kuwa *valmis*; *joko sauna on lämmin?* ndilo swali la Jumamosi jioni, na kuna mambo machache Ufini yanayojibiwa kwa haraka kama hilo.

Kuna muundo mmoja wa kuongeza hapa kwa sababu unabeba ladha ya "hatimaye nimefanikiwa": *sain tehtyä*. *Sain raportin kirjoitettua* ni nimefanikiwa kuimaliza ripoti, pengine kwa jasho. Kwenye maandishi utakutana pia na *tehdyksi* na *kirjoitetuksi*. Midomoni mwa watu umbo la -ttua na -htyä ndilo linalotawala. Na kazi ikishafanywa, kwenye orodha ya kazi ukutani panaandikwa *tehty*, imefanyika. Wana na methali yake: *hyvin suunniteltu on puoliksi tehty*, iliyopangwa vizuri imeshafanywa nusu.

Lopettaa au valmistua: chaguo lenye gharama

Makosa ya viazi yanaisha kwa kicheko. Haya yanaweza kukunyima kazi.

*Lopettaa* kamusi itakuambia ni "kumaliza". Kwa kweli ni kukomesha, kuacha. *Lopetin tupakanpolton*, niliacha sigara. Sasa mtu aliyemaliza kidato cha nne Tabora au sekondari Bukavu anaandika kwenye barua ya maombi *lopetin koulun*. Msomaji Mfini anaelewa aliacha shule. Barua hiyo ilitakiwa iseme *kävin koulun loppuun*, nilisoma shule hadi mwisho, au itaje cheti. Cheti cha kumaliza elimu ya msingi, ile peruskoulu yao ya miaka tisa, kinaitwa *päättötodistus*.

Kwa chuo na ufundi neno ni *valmistua*, kuhitimu. Ulichokuwa kinapata -ksi, ulikotoka kunapata -sta au -stä: *valmistuin sairaanhoitajaksi*, nilihitimu uuguzi, *valmistuin yliopistosta*, nilihitimu chuo kikuu. Sherehe yake ni *valmistujaiset*. Majengo nayo huhitimu kwa kitenzi hichohicho. *Olympiastadion valmistui vuonna 1938*, uwanja wa Olimpiki wa Helsinki ulikamilika 1938, ukiwa umeandaliwa kwa michezo ya 1940 ambayo haikufanyika kwa sababu ya vita, ukasubiri hadi 1952.

Jihadhari na ndugu watatu wanaofanana sura:

*valmistan ruokaa*, naandaa chakula;
*valmistun keväällä*, nahitimu majira ya kuchipua;
*valmistaudun kokeeseen*, najiandaa na mtihani.

Kwenye usaili wa kazi, tofauti ya *valmistun* na *valmistaudun* ni tofauti ya mtu anayekaribia cheti na mtu anayekaribia mtihani. Ukihisi ulimi utateleza, sema *luen kokeeseen*, nasomea mtihani, uepuke ndugu wote watatu.

Na kazi? *Lopetin työt neljältä* inaweza kupita kama nilimaliza zamu saa kumi, ila bila saa hiyo inageuka kuwa niliacha kazi. Salama zaidi ni *pääsin töistä neljältä*, nilitoka kazini saa kumi. Kama uliacha kazi kweli kwa barua yako mwenyewe, neno lake ni *irtisanouduin*. Kama mkataba ulifika tarehe yake, andika *työsuhde päättyi*. Hilo halimlaumu mtu yeyote, na kwenye wasifu wa kazi ndilo ningelichagua kila mara.

Sababu moja zaidi ya kutolichezea *lopettaa*: *koira lopetettiin* maana yake mbwa alichomwa sindano ya kufa kwa daktari wa mifugo. Usilitumie kwa mbwa wa jirani aliyemaliza mafunzo.

Päättyä na ohi, kwa ufupi

*Päättyä* ni la ratiba na karatasi. *Hakuaika päättyy klo 15.00*, muda wa maombi unakwisha saa tisa alasiri. Ndiyo saa ambayo maombi ya pamoja ya vyuo hufungwa, na dakika moja baadaye hakuna wa kumlilia. Kozi, mkataba, mkutano, msimu wa ligi, vyote *päättyy*. Kituo cha mwisho cha basi ni *päätepysäkki*. Ukisema *kurssi loppuu* umeeleweka pia, ni lugha ya nyumbani zaidi.

*Ohi* ni "imepita". Kiangazi *on ohi*, mechi *on ohi*, uchumba *on ohi*. Kitu kimepita, tumebaki upande wa huku. Unaposikia king'ora Ufini Jumatatu ya kwanza ya mwezi saa sita mchana, usikimbie, ni majaribio. Katika hatari ya kweli mlio hupanda na kushuka kwa dakika moja. Mlio mmoja ulionyooka wa dakika moja ndio ishara iitwayo *vaara ohi*, hatari imepita. Haitangazwi kuwa hatari ni *valmis*, wala kuwa ni *loppu*.

Kesken, jo, vielä

Kama ningeruhusiwa kumpa mgeni neno moja tu ambalo vitabu vya mwanzo hulichelewesha, ningempa *kesken*. Ni kinyume cha *valmis* na cha *loppu* kwa pamoja: jambo liko katikati, halijakamilika. *Työ on kesken*, kazi bado haijaisha. *Mulla on syöminen kesken*, bado nala, nisubiri. *Koulu jäi kesken*, shule iliishia njiani. Hili la mwisho lina staha kuliko *lopetin koulun*, kwa kuwa halisemi nani alaumiwe. Vita, uhamisho na ukosefu wa ada vyote vinaenea humo. Kwa mtu aliyepita kambi za wakimbizi kabla ya kufika Ufini, na miongoni mwa Wakongo wasemao Kiswahili huko wako kadhaa, hii ni sentensi ya kuikariri kabla ya mahojiano yoyote.

Kitu kilichoko *kesken* ni *keskeneräinen*. Kinu cha nyuklia cha Olkiluoto 3 kilianza kujengwa 2005, kikakusudiwa kukamilika 2009, na kikaanza uzalishaji wake wa kawaida wa umeme Aprili 2023. Fikiria ni mara ngapi magazeti yaliandika *ei vieläkään valmis*, mpaka sasa bado. Wafini wana msemo wao wa kazi isiyokwisha: ni *kuin Iisakin kirkko*, kama kanisa la Isaka. Ni lile kanisa kuu la St. Petersburg lililojengwa kuanzia 1818 hadi 1858, na nguzo zake kubwa za matale zilichongwa Pyterlahti, upande wa Ufini.

Sasa "-sha-". Hapa tuna bahati. "Nimeshakula" inakwenda moja kwa moja kwenye *olen jo syönyt*, na "sijala bado" kwenye *en ole vielä syönyt*. *Jo* inabeba -sha-, *vielä* kwenye kukanusha inabeba "bado". "Ameshaondoka" ni *hän on jo lähtenyt*. Kitu tunachokipakia kwenye neno moja wao wanakisambaza kwenye maneno matatu, ingawa kwingineko lugha hizi mbili zinashindana kwa kurundika viambishi. Si bure kwamba mbinu ya kompyuta ya kuchambua maumbo ya maneno aliyoitoa Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, akianza na Kifini, ilichukuliwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki akaifanyia kazi kwenye Kiswahili. Undugu wa damu haupo, ila mashine moja ilizimudu zote.

Chunga urefu wa irabu: *jo* fupi ni "-sha-", *joo* ndefu ni "ndiyo". Swali fupi kuliko yote ni *Joko?* Tayari? Majibu yake ni *joo*, *kohta* (sasa hivi), *melkein* (karibu), au *ei vielä* (bado). Kwa maneno hayo manne unaweza kuishi na Wafini wiki nzima bila kuunda sentensi kamili.

Kinyozi akikutoa kitambaa shingoni atasema *no niin, valmista tuli*. *No niin* ni "haya" yetu, ya kuanzia na ya kumalizia, na *valmista tuli* ni "tayari hiyo". Usiichambue sarufi yake, izoee tu.

Uanze na lipi

Inategemea unaelekea wapi. Anayejiandaa na YKI, mtihani wa lugha ambao kiwango chake cha 3 ndicho kinachotakiwa kwa uraia, atapimwa kuandika na kuongea, kusoma na kusikiliza. Kwa kuandika, ningeweka *kirjan* na *kirjaa* mbele ya kila kitu, maana msahihishaji anaona mara moja kama unazitofautisha, kisha *valmistua* na *päättyä*, kwa sababu barua na ujumbe wa kikazi hujaa humo. Kwa kuongea, *valmis*, *loppu*, *kesken* na *jo* zinatosha kubeba mazungumzo.

Aendaye kazini moja kwa moja, kwenye usafi, jikoni au nyumba za wazee, aanze na masikio. Huko hatasikia *oletko valmis*. Atasikia *ooksä valmis*, *ootsä jo syöny*, *maito on loppu*, *mul on tää kesken*. Kwa wazee inafaa kujua kwamba Ufini wengi huitana *sinä* (wewe), hata na mkubwa wa kazi, lakini bibi wa miaka tisini anaweza kupendezwa na *te* (nyinyi, ya heshima), na aliyelelewa kwenye shikamoo hatalihisi kuwa geni. Ukimwuliza kama amemaliza kula kwa *te*, kitenzi kinakuwa cha wengi na *valmis* inabaki ya mmoja: *Oletteko valmis?* Ukisema *valmiita*, atageuka kuangalia ni nani mwingine aliyeketi mezani.